Mama Alikataa Kupanda Prado: Namna ya Kuchagua Matairi Laini Yasiyo na Kelele

Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, malezi na sare za watoto wa shule. Juma hili tunaingia gereji. Msomaji asishangae, maana gari la familia nalo ni chumba kimojawapo cha nyumba. Humo watoto husinzia, wagonjwa hubebwa, na watu wazima huzungumza mambo ambayo hawakupata nafasi ya kuyazungumza sebuleni. Chumba hicho kikijaa mvumo na mtikisiko, nyumba nzima huona taabu.

Kaka yangu mkubwa amestaafu jeshini. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alinunua Toyota Prado la mwaka 2012, lililotumika kwanza Japani: viti vya ngozi safu tatu, sakafu yenye zulia, na milango ambayo ukiifunga husikii tena kishindo cha mjini. Wako waliosema kwamba mtu aliyelala mahandakini hana haja ya anasa kama hiyo. Lakini kaka alikuwa na sababu yake. Mama yetu anaumwa mgongo, na kila mwezi hana budi kuja Kampala kuonana na daktari. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya mji wa Masindi. Safari ni kilomita zaidi ya 200, kupitia Kafu, Luwero na Bombo, na katika hizo ni kilomita 12 tu za mwanzo ambazo ni barabara ya udongo mwekundu. Zilizobaki zote ni lami.

Kwa muda wa mwaka mmoja mambo yalikwenda vizuri. Mama alikaa kiti cha katikati, akajifunika shuka, akalala mpaka Bombo. Kisha matairi yakachakaa. Kaka akaenda katika duka moja la mjini pasipo kumwambia mtu, akarudi na matairi manne makubwa yenye meno kama ya trekta na herufi nyeupe ubavuni. Nakiri kwamba gari lilipendeza. Wastaafu wenzake wakalizunguka wakilisifu, mmoja akapiga teke gurudumu akasema, "Afande, sasa umerudi kazini."

Safari ya kwanza ilitosha. Gari lilipofika kasi ya kilomita 60 kwa saa, mvumo ulianza kama wa mzinga wa nyuki. Kwenye 80 ulikuwa kama wa ndege isiyotua. Kila kiraka cha lami kilipanda kwa viti mpaka kifuani. Mama hakusema neno. Mwezi uliofuata kaka alipomwendea, alimkuta ameketi barazani bila mkoba.

"Akiiki," alimwambia, kwa jina la heshima tunaloitana sisi Wanyoro, "gari lako ni zuri sana. Lakini mimi nitakwenda kwa basi, au nitakaa."

Akakaa. Mwezi ule hakwenda kwa daktari, wala mwezi wa pili. Hapo ndipo kaka aliponipigia simu usiku, sauti ikiwa ya chini, akaniuliza kama najua lolote juu ya matairi.

Tairi lenye upepo lilizaliwa na kelele

Nilimwambia kwanza kwamba asione aibu, kwa kuwa tairi la upepo lenyewe lilienea ulimwenguni kwa sababu ya malalamiko ya nyumbani. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini watu hawakulijali, nalo likasahauliwa. Mwaka 1888, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, John Boyd Dunlop, alikuwa na mwana aliyeendesha baisikeli ya magurudumu matatu juu ya mawe ya barabara za mji ule. Magurudumu ya mpira mgumu yalimtikisa mtoto. Dunlop akachukua mpira mwembamba, akaushona ndani ya kitambaa, akaujaza upepo na kuufunga kwenye gurudumu. Mtoto akaenda kwa raha na kwa kasi zaidi. Basi tangu mwanzo, kazi ya upepo katika tairi ni kumpumzisha aliyeketi juu yake. Kubeba mzigo mzito magurudumu ya mbao yaliweza tangu zamani.

Gari linapokwenda polepole, kelele nyingi ni za injini. Linapopita kasi ya kilomita 50 hivi kwa saa, matairi ndiyo hutawala. Kila jino la tairi huipiga lami kama kiganja kinavyopiga meza, na katika dakika moja meno yote hupiga mara maelfu. Hewa iliyonaswa katika mifereji kati ya meno hubanwa, kisha hufyatuka. Na upepo ulio ndani ya tairi nao huvuma, kama ngoma inavyovuma inapoguswa ukingoni. Jino likiwa kubwa, na mfereji ukiwa mpana na mrefu, kishindo huzidi. Kwa hiyo matairi ya matope, ambayo sharti yawe na mifereji mipana ili yatapike udongo, hayawezi kunyamaza juu ya lami hata yakitengenezwa na nani.

Watengenezaji wana hila moja ya kupendeza. Ukilitazama kwa makini tairi la barabara kuu, utaona kwamba meno yake hayalingani: moja refu kidogo, la pili fupi, la tatu la kati. Si kosa la kiwanda. Meno yakilingana yote, hutoa sauti moja kali kama filimbi. Yasipolingana, sauti hutawanyika, sikio likaisikia kama upepo tu.

Hesabu kilomita zako kabla ya kuhesabu fedha

Nilimwomba kaka achukue kalamu. Katika safari ya kilomita 200 na ushei, kilomita za udongo ni 12. Maana yake, katika kila kilomita 100 anazomwendesha mama, 94 ni lami. Yeye alikuwa amenunua matairi kwa ajili ya zile sita zilizobaki, tena kwa ajili ya siku chache za mvua kubwa ambazo hata hivyo husubiri barabara ikauke.

Matairi ya magari ya namna hii hugawanyika makundi matatu, na aghalabu herufi zake zimeandikwa ubavuni. H/T ni ya barabara kuu: meno yamekaribiana na mifereji ni myembamba. A/T ni ya ardhi za kila namna, nusu lami nusu udongo. M/T ni ya matope. Yako pia matairi yaliyotengenezwa hasa kwa magari makubwa ya kifahari, ambayo hayana herufi hizo, na hayo ndiyo laini kuliko yote. Katika kundi la lami mnunuzi atakutana na majina kama Bridgestone Alenza 001, Michelin Primacy SUV na Yokohama Geolandar H/T. Sisemi hayo ndiyo pekee; nayataja ili msomaji ajue sura ya kundi lenyewe akiliona dukani.

Wenzetu walio jeshini na polisi wamezoea kuona magari ya kazi yenye meno makubwa, na jicho hupenda lilichozoea. Lakini lori la kazi hutakiwa kutoka mtaroni usiku likiwa limebeba mizigo, wala hakuna mwenye kuuliza kama abiria walilala usingizi. Gari la mama lina kazi nyingine. Naongeza kwa haki: anayeishi milimani Kisoro, au anayekwenda Karamoja majira ya mvua, asinisikilize mimi. Huyo anahitaji A/T iliyo nzuri, na kelele yake ndiyo bei ya kufika.

Kusoma ubavu wa tairi

Tulikutana Kampala Jumamosi, tukamwendea fundi mmoja ambaye nimemfahamu muda mrefu. Ni mzee mpole, mwenye kuvaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akafuta vumbi kwa kidole, akacheka peke yake.

"Afande," akasema, "umelivisha gari la harusi viatu vya gwaride."

Akatuonyesha. Prado la kaka lilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana ule. R maana yake nyuzi za ndani zimepita kukingama, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo huja namba ya mzigo na herufi ya kasi, kwa mfano 112S: kila tairi laweza kubeba kilo 1,120, na mwendo wake wa juu ni kilomita 180 kwa saa. Matairi manne ya namna hiyo hubeba kilo 4,480, nalo Prado tupu lina uzito wa tani mbili na kitu. Nguvu imebaki tele.

Yale ya kaka yaliandikwa LT mbele ya kipimo, na namba ya mzigo ilikuwa 120. Herufi hizo mbili huonyesha tairi lililokusudiwa malori madogo ya mizigo. Ubavu wake ni mnene na mgumu, mpira wake ni mzito, na huhitaji upepo mwingi zaidi ili ubebe mzigo uleule. Kila tairi laweza kubeba kilo 1,400. Fundi akauliza, "Mama ana kilo ngapi?" Kaka hakujibu.

Jambo hili wauzaji wengi hawalisemi, na wengine hulisifu. Husema "tairi la plai kumi" kana kwamba mnunuzi atamshukuru Mungu. Kwa mwenye kubeba mchanga ni neno la kweli. Kwa mwenye kubeba mgonjwa ni adhabu.

Rimu kubwa, mto mwembamba

Tukiwa pale alikuja kijana na Prado jingine, jeusi, lenye rimu za inchi 20 zinazong'aa. Kaka akatazama kwa hamu. Fundi akachukua chaki akaandika ukutani hesabu ambayo naomba msomaji aihifadhi.

Tairi la 265/65R17 lina ubavu wa milimita 172. La 265/60R18, ambalo nalo huja kiwandani katika baadhi ya Prado, lina milimita 159. Ukivaa 265/50R20, ubavu unakuwa milimita 132 tu na nusu. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, yote matatu yanakaribia milimita 775. Kinachobadilika ni kiasi cha mpira na upepo kilichopo kati ya chuma na shimo. Kutoka rimu ya 17 hadi ya 20 umepoteza karibu milimita 40 za mto. Tena rimu kubwa aghalabu ni nzito, na shimo lililofichwa na maji ya mvua huikunja upesi, kwa kuwa ubavu hautoshi kuikinga.

Ndiyo maana mwenye Lexus au Range Rover lililotoka kiwandani na rimu kubwa, akitaka raha katika barabara zetu, yafaa aulize kama gari lake hukubali rimu ndogo zaidi. Si kila gari hukubali, maana breki za baadhi yake ni kubwa mno. Kijitabu cha gari husema vipimo vinavyoruhusiwa. Asiyekuwa na kijitabu atazame kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Alama za Ulaya na kosa la kuzisoma

Matairi mengi yanayokuja kwetu hubeba karatasi yenye alama za Umoja wa Ulaya. Toleo linalotumika sasa lilianza tarehe 1 Mei 2021. Juu yake kuna daraja la matumizi ya mafuta, daraja la breki katika lami iliyolowa, na chini kabisa kipimo cha kelele kwa desibeli pamoja na herufi A, B au C. Mnunuzi hukimbilia namba ya desibeli akidhani amepata dawa.

Aelewe kwamba namba hiyo hupimwa nje ya gari. Gari hupita likiwa limezimwa injini, kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, na vinasa sauti vimesimamishwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia. Yaani hupima usumbufu anaoupata jirani aliye kando ya barabara, wala si mama aliyeketi kiti cha katikati. Mara nyingi viwili hivyo huandamana, lakini si lazima. Liko tairi lenye kishindo kidogo nje ambalo hupeleka mtikisiko mwingi ndani. Hata hivyo tofauti ya desibeli 3 si ndogo kama inavyoonekana, kwa maana nguvu ya sauti huwa imeongezeka mara mbili. Mimi hutumia namba ile kuondoa yaliyo mabaya, si kuchagua lililo bora.

Alama ninayoithamini kuliko zote ni ile ya breki katika maji. Tairi laini lisiloshika lami iliyolowa silitaki bure. Barabara ile ya Luwero ina matuta, ng'ombe na waenda kwa miguu, na mvua huanza bila kubisha hodi.

Siku za nyuma eneo letu lilikuwa na viwanda vyake vya matairi Nairobi na Arusha. Cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016, na cha Arusha kilikuwa kimesimamisha kazi kabla yake. Matairi mengi tuyaonayo Kampala leo yamevuka bahari, yakashuka Mombasa, yakapanda malori, yakakaa ghalani. Tairi laweza kuwa jipya na likawa limezeeka. Mpira hukauka kwa joto na kwa miaka hata kama haujagusa barabara. Ukikauka huwa mgumu, hupiga kelele na huteleza katika maji.

Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2323 maana yake juma la 23 la mwaka 2023. Wakati mwingine huandikwa upande mmoja tu, basi mwenye duka akisema hakuna, mwombe aligeuze. Katika duka la kwanza tuliloingia siku ile, tairi lililosifiwa sana lilikuwa na umri wa miaka saba. Muuzaji alituambia eti mpira kama mvinyo huboreka ukikaa. Kaka alimtazama kwa namna aliyokuwa akiwatazama kuruta, tukatoka. Mimi sinunui tairi lililopita miaka miwili tangu kutengenezwa, nalo likishavaliwa miaka mitano hulipeleka kwa fundi likaguliwe kila mwaka. Wako watengenezaji wanaosema kwamba likifika miaka kumi litupwe, hata kama meno yamebaki.

Liko na jingine. Magari mengi kutoka Japani huja yakiwa na matairi ya theluji, na mnunuzi akiona meno yamejaa hufurahi. Mpira wake ni laini sana, umetiwa mikato midogo mingi kama ya wembe, na huenda kimya kabisa mwezi wa kwanza. Lakini mpira ule umetengenezwa kwa ajili ya baridi. Katika joto letu hulainika, huliwa upesi, na gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Hizo ni raha zisizofaa kukaliwa nazo.

Wenye magari ya bei kubwa huenda wakaambiwa juu ya matairi yenye sifongo ndani. Hayo yapo kweli: Continental, Michelin na Pirelli wote hutengeneza, na sifongo iliyogundishwa ndani humeza ule mvumo wa upepo. Ni kitu kizuri. Ila yakipata pancha, fundi hulazimika kubandua kipande cha sifongo kabla ya kuziba, na si kila fundi wa kando ya njia atakubali kazi hiyo, hasa usiku Nakasongola. Kwa kaka sikuyashauri.

Manne kwa pamoja

Kaka alitaka kununua mawili kwanza, mawili mwezi ujao. Ni hesabu ya kila mwenye watoto shuleni, nami sikumlaumu. Fundi alimkatalia. Prado la aina ile huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na katikati lina difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Matairi ya mbele yakiwa na kimo tofauti na ya nyuma, difu ile hufanya kazi bila kupumzika hata katika barabara iliyonyooka, na kuitengeneza ni ghali kuliko matairi yote manne. Basi kaka aliyauza yale ya meno makubwa, ambayo bado yalikuwa mapya. Aliyanunua mtu wa shamba mwenye pikapu, akafurahi nayo sana, akaongeza fedha kidogo. Tukanunua manne ya barabara kuu, kipimo kilekile cha 265/65R17, yaliyotengenezwa mwaka uliotangulia.

Fundi alisawazisha kila gurudumu kwa vipande vidogo vya risasi, akanyoosha magurudumu yaelekee sawa, kisha akafanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Alifungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko, akajaza upepo kwa kadiri iliyoandikwa pale, matairi yakiwa yamepoa. Katika yale ya zamani tulikuta presha ya 45. Kijana wa kituo cha mafuta ndiye aliyejaza, akisema gari zito hutaka upepo mwingi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka usiovukwa, wala si kipimo cha kujazia. Vibandiko vingine huandika kwa kPa. Msomaji ajue kwamba 100 za kPa ni kama 14.5 za presha tuliyoizoea. Upepo ukizidi, tairi huwa kama mpira wa miguu, hudunda juu ya kila jiwe. Ukipungua, huchemka, na tairi lililochemka hupasuka.

Tulipotoka, gari liliteleza kimya barabarani, nasi tukapeana mikono. Furaha ile ilidumu mpaka Bombo. Kwenye kasi ya 70 mvumo mdogo ukasikika, upande wa mbele. Kaka akakasirika, akasema amepoteza fedha. Nikamwomba aendeshe pale lami ilipobadilika, kutoka ile yenye kokoto hadi iliyo laini. Mvumo haukubadilika. Kisha, barabara ikiwa wazi, akageuza usukani kidogo kulia, kidogo kushoto. Alipoelekea kulia, uzito ukahamia kushoto, mvumo ukapanda. Alipoelekea kushoto ukashuka. Hiyo si sauti ya tairi. Kelele ya tairi hubadilika pamoja na lami. Ile inayobadilika pamoja na usukani ni ya beringi. Beringi ya gurudumu la kushoto mbele ilikuwa inakufa, na kwa miezi mitatu ile kelele ya meno makubwa ilikuwa imeifunika tusiisikie. Ilibadilishwa Jumatatu.

Tangu hapo kaka huhamisha matairi kutoka mbele kwenda nyuma kila kilomita 10,000, pamoja na lile la akiba, kwa kuwa meno yakiliwa upande mmoja kama ya msumeno hata tairi jema huanza kuvuma. Amekubali pia kwamba ataliondoa tairi lolote meno yakibaki milimita 3, ingawa sheria za Ulaya huruhusu hadi 1.6.

Wiki iliyofuata tulikwenda Masindi sote wawili. Mama alilizunguka gari, akayatazama matairi bila kusema, akapanda. Zile kilomita 12 za udongo tulikwenda polepole kuliko zamani, na mahali pamoja palipokuwa na tope tulizunguka kwa kando. Tulipoikamata lami akajifunika shuka. Sisi tulio mbele tukadhani amelala, tukaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida juu ya jambo tuliloliahirisha muda mrefu: kwamba kwa hali ya mgongo wake huenda ni vema ahamie Kampala, na ile nyumba ya Masindi ipangishwe.

Tulikuwa tumekwisha kupanga hata kodi, karibu na Kafu, sauti ilipotoka nyuma yetu, tulivu kabisa, wala haikuhitaji kupazwa.

"Akiiki, na wewe Araali. Nyumba yangu haipangishwi. Endesheni, nisichelewe kwa daktari."